Kutoka Perhaps Hadi Labda: Maneno ya Shaka Hutoka Wapi?

Chukua neno la Kiingereza perhaps, ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hukariri kwamba maana yake ni "labda", ulipasue katikati. Kipande cha kwanza ni per, chenye asili ya Kilatini, kilichopita kwa Wafaransa kabla ya kuvuka bahari, na maana yake ni "kwa" au "kupitia". Kipande cha pili ni hap, neno la watu wa Skandinavia waliolitamka happ, na maana yake ni bahati. Ile s ya mwisho ni ya wingi. Anayesema perhaps, basi, ukimsikiliza kwa sikio la kale, anasema "kwa bahati zitakavyokuja".

Neno hilo dogo lina alama za wageni wawili walioingia Uingereza kwa upanga. Mabaharia wa Skandinavia waliivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793, na katika karne iliyofuata wenzao walikuja kwa wingi zaidi, wakalowea mashariki na kaskazini mwa nchi, wakalima, wakaoa, wakaacha maneno yao majumbani. Mwaka 1066 wakaja Wanormani kutoka Ufaransa. Hao walitwaa kiti cha enzi, na kwa muda mrefu lugha yao ikawa lugha ya mahakama na ya wakubwa. Ilichukua karne nne hivi kabla kiambishi cha mabwana hakijafungwa kamba moja na neno la wakulima: perhaps linaonekana katika maandishi ya karne ya 15. Kabla yake watu walisema perchance au peradventure, maneno yaliyokuja mazima kutoka kwa Wafaransa. Leo hayo yamebaki vitabuni, na yule chotara ndiye anayesemwa barabarani.

Hap nalo halikukaa peke yake. Ndilo lililozaa happen, yaani kutokea, na mishap, yaani ajali au mkosi. Ndilo pia lililozaa happy, ambalo leo tunalitafsiri "mwenye furaha". Mwanzoni happy alikuwa mtu mwenye bahati, hata kama hacheki. Furaha ilifuata baadaye, kama vile kwetu sisi mtu akisemwa "ana bahati yake" tunamwona tayari amekaa kwa raha.

Perchance nalo lina kisa. Chance linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuanguka, na kinachoanguka hapo ni dadu. Bahati ni jinsi dadu lilivyotua. Hata hazard, jina la mchezo wa dadu kabla halijawa neno la hatari, wanaisimu wengi hulirudisha kwa Waarabu, kwenye neno az-zahr, yaani dadu. Msomaji asilichanganye na "hatari" yetu. Hatari imetoka kwenye khatar ya Kiarabu, na kufanana kwa sauti hakufanyi maneno kuwa ndugu.

Maybe ni rahisi zaidi. Lilikuwa sentensi nzima, it may be, yaani "yaweza kuwa", likapoteza kichwa likawa may be, kisha vipande vikashikana. Kinachovutia ni huyo may. Asili yake ni kuwa na nguvu, na nduguye ni might, ambalo mpaka leo ni nomino ya nguvu kubwa. Kwa hiyo ndani ya maybe, neno tunalolisikia kuwa legelege, mna nguvu iliyolala. Kifaransa kimepita njia hiyohiyo: peut-être ni "yaweza kuwa". Kiswahili pia, tunaposema "yawezekana", tumechukua uwezo wa mtu wa kubeba mzigo tukaugeuza uwezo wa jambo kutokea.

Tazama na majirani wa Kiingereza. Mjerumani husema vielleicht, ambalo zamani lilikuwa maneno mawili yenye maana ya "kwa wepesi sana". Mhispania husema quizás, lililotokana na "nani ajuaye". Mreno husema talvez, "mara kama hiyo". Mwitaliano husema forse, na humo imo bahati ya Warumi. Hapa ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo kamusi, kwa kulipanga kila neno peke yake, haziwezi kutuonyesha: katika maneno hayo yote, ni lile la Mhispania tu linalokiri kutojua. Mengine yalikuwa na kazi nyingine, ya bahati, nguvu, wepesi au wakati, yakaajiriwa baadaye kusema kile ambacho msemaji hana hakika nacho.

Sasa turudi nyumbani, maana kwetu hazina ni kubwa na inatumika vibaya.

Tuna "pengine". Hilo ni la Kibantu tupu, na mtu yeyote anaweza kulifungua: pa ya mahali na -ingine. Pengine ni mahali pengine. Kutoka mahali likahamia wakati, ndiyo maana bado tunasema "pengine huja asubuhi, pengine jioni", tukimaanisha mara hivi na mara vile. Kutoka wakati likahamia kwenye shaka: kuna mahali au siku nyingine ambapo jambo hili ni kweli, na huenda ndiyo hii. Talvez ya Mreno ilianzia kwenye wakati. Sisi tulianzia hatua moja nyuma yake, kwenye mahali.

Tuna "huenda", kitenzi cha kwenda kilichovishwa hu ya mazoea. Tazama kinavyotawala sentensi: "huenda akaja", "huenda ikanyesha". Ile ka ni ya masimulizi, ya jambo linalofuata jingine. Mambo huenda, huenda, kisha mgeni akaja. Katika Mwanzo sura ya 18, Ibrahimu anapoiombea Sodoma, akishuka kutoka wenye haki 50 mpaka 10, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilimpa neno peradventure, ambalo mzizi wake ni kuja, yaani kwa lijalo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union wakampa "huenda". Wa kwanza wakaliona jambo likija, wa pili wakaliona likienda, na ombi likabaki lilelile. Huo ndio ufasiri: mtafsiri hakuwinda mzizi wa neno, aliwinda kazi yake.

Tuna "yamkini", kutoka yumkin ya Kiarabu, jambo lililo ndani ya uwezekano. Tuna "asaa", ambalo sasa hulisikia zaidi kwa washairi na wazee wa pwani, na ndani yake mna tumaini: hulisemi juu ya jambo unaloliogopa. Tuna "eti", ambalo humtua msemaji mzigo na kumtwika aliyesema mwanzo. Na anayefika mwisho wa elimu yake husema "Mungu ndiye ajuaye", jibu letu kwa quizás.

Kisha kuna labda.

Labda limetoka kwenye maneno mawili ya Kiarabu, la budda. La ni kukanusha. Budda ni njia ya kukwepa, pa kutokea. Maana ya maneno hayo kwa Mwarabu ni "hakuna pa kukwepa", yaani lazima, yaani itakuwa. Neno tunalolitumia kila siku kusema kwamba hatuna hakika lilizaliwa kuwa neno la hakika.

Na ushahidi wake tunao mdomoni. Kiswahili kilipokea mzizi huo mara mbili. Mara ya pili kikauchukua peke yake, kikakanusha kwa Kibantu: "sina budi", "hatuna budi", "hapana budi". Hakuna anayesema "nina budi", kwa sababu budi haitembei bila kukanushwa. "Hapana budi" ni tafsiri sahihi kabisa ya la budda, na maana yake ya asili imebaki bila doa. Lakini ndugu yake wa tumbo moja, labda, amegeuka amekuwa kinyume. Mtu akisema "labda nitaondoka, kwa kuwa sina budi", ametamka mzizi uleule mara mbili, mara ya kwanza kwa shaka, mara ya pili kwa lazima.

Je, neno linawezaje kugeuka hivyo? Wapo watakaosema Waswahili walilisikia vibaya. Sikubaliani nao. Watu waliofanya biashara na Waarabu kwa karne nyingi, wakaoana nao na kusoma nao, hawakukosea neno linalosemwa kila saa. Maelezo yenye uzito yamo katika jinsi sisi wenyewe tunavyosema hadi leo. Umemngoja mgeni tangu saa nne. Mtu anauliza yuko wapi. Ukijua alipo, utasema, "Yuko njiani." Usipojua, utasema, "Lazima atakuwa njiani", au, "Hapana budi amekwisha ondoka." Sikiliza vizuri: mwenye hakika hakuhitaji lazima. Lazima imeletwa kwa sababu hakika haipo, nafasi yake imeshikwa na kukisia. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini anayesema "lazima itanyesha" ameyaona mawingu, hajaiona mvua. Neno la lazima likitumika siku zote mahali pa kukisia, mtoto anayejifunza lugha hulisikia kuwa neno la kukisia. Kizazi kimoja husema "hapana budi atakuja" kwa mkazo, kinachofuata husema kwa mazoea, na wajukuu hulipokea likiwa limeshakuwa "labda".

Kiingereza kimefanya hivyohivyo. No doubt ni "hakuna shaka". Lakini Mwingereza akikuambia you are no doubt tired, anakisia kwamba umechoka, na wewe una ruhusa ya kumwambia hapana. Doubtless nalo limechakaa vivyo hivyo. Must, kitenzi cha lazima, kikisemwa juu ya mtu asiyekuwapo, ni dhaifu kuliko kusema tu kwamba yupo mahali fulani. Na sisi "bila shaka" yetu iko njiani. "Bila shaka una njaa", anaambiwa mgeni aliyetoka safari, na hakuna aliyepima tumbo lake.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike: maneno ya hakika ndiyo yanayochakaa yakawa maneno ya shaka, na huchakaa kwa kutumiwa na watu wenye nia njema wanaokisia. Kwenye mazungumzo ya barazani hakuna hasara. Hasara inakuja pale ambapo uamuzi mzito unasimama juu ya neno moja.

Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba kuna uwezekano wa kutiliwa maanani kuwa Yugoslavia ingeshambuliwa na washirika wa Umoja wa Kisovieti mwaka huo. Sherman Kent, mwanahistoria aliyekuwa mmoja wa wakuu wao, aliulizwa na ofisa mmoja maneno hayo yalimaanisha kiasi gani. Yeye mwenyewe alikuwa na fikra ya asilimia 65 hivi. Alipowauliza wenzake walioidhinisha maneno yaleyale, akakuta mmoja alifikiri asilimia 20 na mwingine 80. Walikuwa wamekubaliana juu ya neno, hawakukubaliana juu ya jambo. Kent alichapisha kisa hicho mwaka 1964 na kupendekeza kila neno la aina hiyo lipewe kipimo chake cha hesabu.

Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, limelifuata wazo hilo. Katika ripoti zake, neno likely haliachiwi hisia ya msomaji: maana yake ni uwezekano wa asilimia 66 au zaidi, na very likely ni 90 au zaidi. Karatasi za dawa za Ulaya nazo hufanya hivyo. Dhara likiitwa la kawaida, huwapata watu kuanzia 1 hadi 10 katika kila 100. Likiitwa la nadra, halizidi mtu 1 katika 1,000.

Kiswahili hakijaachwa nyuma kabisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya mvua kubwa au upepo mkali, hutenga mambo mawili ambayo "labda" huyachanganya: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na kila kimoja hupewa daraja lake. Mkulima au nahodha anayesoma kwamba uwezekano ni mdogo lakini athari ni kubwa amepewa habari anayoweza kuifanyia kazi. Naona huo ni mfano bora wa uandishi wa Kiswahili wa kitaalamu, na ni nadra kusifiwa.

Mahali tulipoteleza ni kwenye "inaweza". Kwa kutafsiri may na can haraka haraka, tumefika mahali ambapo kila shaka ni "inaweza". "Daktari anaweza kuja kesho." Je, amepata nafasi ya kuja, au hatujui kama atakuja? "Dawa hii inaweza kuleta usingizi." Mgonjwa wa kukosa usingizi atasoma hapo sifa ya dawa, na dereva wa lori hatajua ni onyo. "Huenda ikakuletea usingizi, usiendeshe gari" haina utata. Maneno tuliyorithi yana mgawanyo wa kazi, na mtafsiri anayetupa yote akabaki na "inaweza" na "labda" amepunguza lugha bila kuongeza uwazi.

Lakini kosa linaloniuma zaidi liko mahakamani. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, iliyorithi kanuni za Kiingereza, inataka kosa la jinai lithibitishwe beyond reasonable doubt, yaani kupita shaka ambalo mtu mwenye busara angekuwa nalo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania, kwa hiyo maneno hayo lazima yawe na Kiswahili chake. Katika habari za kesi, magazetini na redioni, mara nyingi tunasoma kwamba upande wa mashtaka umethibitisha, au umeshindwa kuthibitisha, "bila kuacha shaka lolote".

Lolote? Sheria haikusema hivyo. Doubt imetokana na Kilatini dubitare, na ndani yake mna mbili, yaani moyo uliosimama kati ya njia mbili. Shaka letu limetoka kwa Waarabu. Kila moyo una shaka fulani juu ya kila jambo. Ndiyo sababu Jaji Denning wa Uingereza, katika hukumu ya mwaka 1947, alifafanua kwamba kuthibitisha beyond reasonable doubt si kuthibitisha mpaka kivuli cha shaka kiondoke. Kama sheria ingeruhusu mambo ya kufikirika tu yazuie hukumu, alisema kwa maana hiyo, isingeweza kuilinda jamii.

Ukiliacha neno reasonable, unabadilisha sheria masikioni mwa watu. Jirani aliyesikia kwamba ni lazima kusibaki shaka lolote atamwona hakimu aliyetia hatiani kuwa ameonea, kwa sababu yeye jirani bado ana kashaka kake. Na kuna upande wa pili, mbaya zaidi. Kwa kuwa "bila shaka" inachakaa kama labda ilivyochakaa, kipo kizazi kitakachosikia "imethibitishwa bila shaka" na kuelewa "inaelekea alifanya". Kati ya kipimo kisichofikika na kipimo kisicho na maana, aliyeko kizimbani hana ulinzi.

Dawa yake ipo, na haihitaji istilahi mpya wala kamati. "Shaka lenye msingi" linaeleweka na mtu aliyesoma na asiyesoma, na linabeba uzito wa reasonable: shaka linalotokana na ushahidi au na upungufu wake, si linalotokana na woga au mapenzi. Wako wanasheria wanaolitumia tayari. Nawaomba wahariri na waandishi wa habari za mahakama walichukue: kila mnapotaka kuandika "bila kuacha shaka lolote", futeni "lolote", andikeni "lenye msingi".